Shanga za Vigae vya Chupa na Swali la Tasbihi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad. 

Je, inafaa mtu kumtaja Mola wake kwa tasbihi ambayo jana ilikuwa chupa ya pombe? Swali hili linazunguka hapa Rumonge kwa muda sasa, kuanzia baraza la msikiti mpaka kwa akina mama wanaoanika ndagala ufukweni, na nimeulizwa mara nyingi kiasi cha kuona bora nilijibu kwa maandishi. Lakini siwezi kulijibu bila ya kueleza kwanza tasbihi hizo zinatoka wapi na zinatengenezwa vipi. Wengi wanaozikataa hawajawahi kuziona zikitengenezwa, na wengi wanaozisifu nao hawajaziona.

Watengenezaji ni wasichana sita wa madrasa yetu pamoja na mama mmoja mjane, mzazi wa wawili kati yao, ambaye ndiye mwenye ua wanamofanyia kazi. Walianza katika likizo kubwa ya mwaka 2023. Shule zilikuwa zimefungwa, masomo ya madrasa yanakwisha kabla ya Adhuhuri, na binti wa miaka kumi na mitano asiye na la kufanya mchana kutwa, sina haja ya kuwaeleza wazazi. Mama yule alikuwa ameona jinsi shanga za rangi zinazoletwa kutoka Bujumbura zinavyonunuliwa siku za harusi na Idi, akaniuliza kama ipo njia ya kuzitengeneza wenyewe bila ya mtaji. Nikamwambia ipo, na mtaji wake tunaukanyaga kila siku.

Nilikuwa na maana ya vigae. Chupa nzima za bia na soda huku kwetu hazitupwi, kwa kuwa zina pesa yake ya dhamana na mwenye duka anazidai zirudi. Zinazobaki mchangani ni zilizovunjika, nazo ndizo zinazokata nyayo za watoto wanaokimbilia mitumbwi ya wavuvi alfajiri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani kumo katika imani, kwa hiyo hata kama shanga zisingepatikana, kuokota vile vigae peke yake kulikuwa na malipo. Wasichana waliokota kwa ndoo na kutenga: kijani mbali, kahawia mbali, vyeupe mbali.

Kazi yenyewe mimi niliiona Arusha. Nimekulia Tanzania, kama watoto wengi wa waliokimbia pwani hii ya ziwa mwaka 1972, na ndugu zangu bado wako huko. Katika safari moja ya kuwatembelea nilifika kwenye karakana iitwayo Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Wanayeyusha chupa zilizotumika na kuzigeuza bilauri, mapambo na shanga. Nilisimama pale mpaka wenyeji wangu wakachoka kunisubiri. Ila wao wana tanuri kubwa la kuyeyushia kioo kikawa kama asali, na sisi hatuna tanuri la namna hiyo wala uwezo wa kulipata.

Kilichonipa matumaini ni habari za Afrika Magharibi, ambako kazi hii hufanywa kwa vitu vya nyumbani. Wakrobo wa Ghana, upande wa Odumase, hutwanga chupa mpaka ziwe unga, huuchekecha, kisha huumimina katika kalibu za udongo zenye vishimo. Tundu la ushanga hulipata kwa kusimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati ya ule unga. Moto ukipanda, kikonyo kinaungua na kuacha nafasi yake wazi. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Nyumba gani ya Rumonge haina vikonyo vya sombe vimetupwa nyuma ya jiko?

Na kule Moritania, katika mji wa Kiffa, mafundi walikuwa wanawake, tena Waislamu wenzetu. Walisaga kioo kikawa laini kama wanja, wakakichanganya na mate au maji ya gundi, wakachora juu ya ushanga kwa ncha ya sindano mstari baada ya mstari, kisha wakazichoma shanga ndani ya makopo ya sadini juu ya moto wa kawaida. Mfaransa Raymond Mauny aliandika habari zao mwaka 1949. Mabibi wale walipofariki, fani ilikaribia kufa pamoja nao, mpaka wanawake wengine walipoifufua miaka ya 1990. Makopo ya sadini, ndugu zangu! Basi nani atasema hana vifaa?

Hapa kwetu tulimwendea mhunzi jirani. Tanuri lake ni la makaa na mvukuto, na mji huu wa mawese hauna uhaba wa maganda ya kokwa za mawese, ambayo yakichanganywa na makaa hutoa moto mkali sana. Alikubali kutuachia tanuri baada ya Alasiri, akimaliza majembe yake.

Kusaga kioo kuna adabu yake, na hapa naomba wazazi msome polepole. Kinu cha kutwangia sombe hakiguswi, wala mchi wake. Wasichana hutumia kipande cha bomba la chuma kilichozibwa chini, na nondo nzito. Vigae hufungwa kwanza katika kitambaa kilicholowa, na anayetwanga hufunika pua na mdomo na kulinda macho. Vumbi la kioo halionekani, lakini kifua kinalijua. Sakafu haifagiwi, inaoshwa. Watoto wadogo hawakaribii kabisa, hata wakilia. Baada ya hapo huchekecha mara mbili, mara ya pili kwa soksi nyembamba ya kike. Kinachobaki juu ni chenga, kama chenga za mchele. Kinachopita ni unga. Vyote viwili vina kazi.

Ushanga ukitoka mara ya kwanza katika kalibu ni kitu duni, rangi moja, kama kidonge. Uzuri wake unakuja mara ya pili, unaporudishwa motoni kupambwa kwa chenga. Huvikwa kwenye spoku ya baiskeli iliyopakwa udongo mweupe ili usigande, na huwekwa kwanza mdomoni mwa tanuri upate joto taratibu, maana ukiingizwa ghafla utasikia “ta!” na hutauona tena. Ukishakuwa mwekundu na kulainika hutolewa na kuviringishwa juu ya chenga zilizotandazwa kwenye bamba la chuma. Chenga zinanasa kama ufuta kwenye mkate. Kisha unarudi motoni.

Muda wa kurudi motoni ndio hukumu ya kazi nzima. Ukikaa kidogo, chenga zinabaki zimeinuka kama vinundu. Ukikaa zaidi, zinayeyuka na kulala sawa na ngozi ya ushanga, zikawa madoa na mawingu. Kwa mkufu wa bibi harusi vinundu vinapendeza, vinashika mwanga wa taa. Kwa tasbihi havifai kabisa. Kidole gumba kinachopita mara tisini na tisa baada ya kila swala kitachubuka ndani ya wiki. Mama yule ana kipimo chake: hufumba macho akapapasa. Akihisi chenga hata moja, ushanga huo unahamia kwenye mikufu.

Ziko namna nyingine. Kuna kumimina unga ndani ya kalibu kwa tabaka, kijani, cheupe, kahawia, kisha kupitisha sindano pembeni kabla ya kuchoma ili tabaka zivutane kama mawimbi. Kuna kuchora kwa uji wa unga wa kioo na gundi, kama mabibi wa Kiffa, na kati ya wasichana sita ni mmoja tu aliyeweza, mdogo kuliko wote, yule ambaye darasani hatulii. (Mate nilimkataza. Unga wa kioo hauna kazi mdomoni.) Anaweza kukaa saa nzima juu ya ushanga mmoja, ulimi nje, akipanga vijistari ambavyo mimi kwa miwani yangu sivioni vizuri.

Lakini inayonigusa mimi ni ile ya kuviringisha ushanga katika chenga za kijani, kuzilaza, kisha kuuviringisha tena katika unga wa chupa nyeupe mpaka upate ngozi ya juu iliyo angavu. Chenga zinaonekana ziko chini, kama vitu vilivyozama kwenye maji ya ziwa siku isiyo na upepo. Wa kwanza uliponiletea mkononi nilikumbuka kisa cha Malkia wa Sabai katika Suratun-Naml, aya ya 44, alipoingia katika kasri ya Nabii Sulayman (A.S.) akadhani sakafu ya vioo ni maji, akapandisha nguo asilowe. Nimeifundisha aya hiyo kwa miaka mingi. Wasichana wale sasa wanaifahamu kuliko nilivyoweza kuwaeleza.

Taabu kubwa ilikuwa rangi ya buluu. Kila mteja anataka buluu, na ufukweni haipatikani. Walipata bilauri ya buluu iliyovunjika, wakaisaga, wakapamba shanga kumi na mbili zikatoka za kupendeza mno, wakaenda kulala na furaha. Asubuhi tisa zilikuwa na nyufa. Sababu ni kwamba vioo si ndugu wote. Kila kioo hupanuka katika moto na kusinyaa kinapopoa kwa kipimo chake, na vioo viwili vya vipimo tofauti vikiungana huvutana vinapopoa mpaka kimoja kiachie. Kioo cha chupa hupatana vizuri na cha chupa ya aina ile ile. Bilauri, kioo cha dirisha au taa ya gari, ni bahati nasibu. Tangu hapo hujaribu kwanza kwa vipande viwili vidogo kabla ya kutia chenga ngeni, na buluu huitia kwa uchache sana, punje tatu au nne, kiasi ambacho ushanga unakivumilia. Na zote, za rangi yoyote, zikitoka motoni huzikwa ndani ya majivu ya moto mpaka asubuhi zipoe polepole. Mwenye haraka ya kufukua atafukua vigae.

Sasa turudi kwenye swali. Pombe ni haramu na ni najisi, katika hilo hakuna mjadala katika madhehebu yetu ya Shafi. Lakini kioo hakinywi kilichomo ndani yake. Chombo cha kioo kilichoingia najisi kinatoharika kwa kuoshwa, na vigae hivi vimeoshwa na ziwa, vikaoshwa tena na wasichana, kabla ya kuingia katika moto unaogeuza kioo kuwa chekundu. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vyombo vya Ahlul Kitab, watu waliokuwa wakipikia nguruwe na kunywea pombe, akaelekezwa kwamba wasipopata vingine wavioshe na kuvitumia. Na katika hadithi ya Burayda (R.A.) mna kwamba makatazo ya mwanzo juu ya baadhi ya vyombo yaliondolewa, kwa kuwa chombo chenyewe si kinachohalalisha wala kuharamisha. Ikiwa chombo kizima kilichobeba pombe kinaoshwa na kuliwa ndani yake, basi punje ya kioo iliyopita motoni mara mbili ina tatizo gani? Mimi sioni tatizo, na hilo ndilo jibu langu.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana hakuridhika. Aliniambia, “Ustadh, mimi sikusema ni najisi. Nimesema moyo wangu unakataa.” Hilo ni jambo jingine, na moyo wa mtu haulazimishwi kwa fatwa. Yeye anahesabu kwa vidole, na kwa vidole ndiyo bora zaidi, kwa ile hadithi ya Yusayra (R.A.) ambamo wanawake waliambiwa wahesabu kwa ncha za vidole kwa kuwa vitaulizwa na vitatamkishwa. Tasbihi yenyewe wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoiona ni uzushi, na wapo wengi walioiruhusu, miongoni mwao Imam Suyuti aliyeiandikia risala maalumu, wakitegemea hadithi za waliohesabu kwa kokwa za tende na vijiwe. Kwa hiyo asiyeitaka asilaumiwe. Kinachonisikitisha mimi ni tasbihi inayonunuliwa ili ining'inizwe kwenye kioo cha gari, ikavuta dhikri ya vumbi la barabara ya Bujumbura.

Ambapo nilikuwa mkali ni mahali pengine kabisa, na palimgharimu mama yule. Mwaka jana alikuja mfanyabiashara akataka shanga nyingi za aina moja: nyeupe, na katikati doa jeusi lililozungushiwa buluu, mfano wa jicho, za kufungwa mkononi mwa watoto wachanga wasidhuriwe na kijicho. Alikuwa tayari kulipa kabla. Zilikuwa fedha za kulipa kodi ya ua kwa miezi kadhaa. Mama alinijia usiku, hakukaa, akauliza akiwa amesimama mlangoni. Nilimwambia yale anayoyajua: ushanga wa pambo ni halali kwa binti, lakini ushanga unaovaliwa kwa kuamini kwamba unakinga ni hirizi, na Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo katazo la kutisha. Kumuuzia mtu kitu ambacho ameshakutajia kuwa anakitaka kwa shirki ni kumsaidia. Kijicho kipo, ni kweli, na kinga yake ni Mu'awwidhatayn, ambazo kila mtoto wa madrasa anazo kifuani bure. Akaitikia, akaondoka. Yule mfanyabiashara hakurudi, na kodi ya miezi ile mama aliilipa kwa kuuza mawese rejareja. Nalisema hili wazi ili wale wanaozungumza barazani kwamba “wanafanya biashara ya chupa za bia” wajue pia biashara gani waliiacha.

Wengine hawana hoja ya dini, wao wanasema tu kwamba shanga ni mchezo wa watoto. Hao nawakumbusha kwamba kwenye ziwa hili shanga zilikuwa fedha. Mwingereza Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta soko zima linauza na kununua kwa shanga ziitwazo sofi, vipande kama vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi walikuwepo watu wenye mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine, na soko likifungwa wakazipokea tena kwa wauzaji, wakala faida kwenda na kurudi. Shanga za kioo za zama zile nyingi zilitengenezwa Venice, zikafika Unguja kwa merikebu na huku kwa misafara. Zilinunua mtama, samaki na pembe za ndovu. Zilinunua na watu vilevile, na baadhi ya waliouza na kununua walikuwa wakiswali kama sisi. Nikiwafundisha watoto jinsi Uislamu ulivyofika pwani hii siachi kuwaambia na hilo, kwa sababu watalisikia kwa wengine, na ni bora walisikie kwetu. Kwa hiyo binti wa Rumonge akitengeneza ushanga wa kioo kwa mkono wake mwenyewe, kwa taka ya ufukwe wake, na akapanga bei yeye, mimi siwezi kuliita jambo hilo mchezo.

Limebaki suala moja la karibuni. Mama mmoja Mkatoliki, jirani mwema, alipenda zile shanga zenye chenga za kijani zilizozama, akaomba atengenezewe rozari. Wasichana walikuja wote sita kuniuliza, na yule mdogo alikuwa ameshahesabu: rozari ni shanga 59. Nikawaambia wasimtungie rozari wala wasimwekee msalaba, hicho ni chombo cha ibada ya dini yake na atatungiwa na wenzake. Yule mdogo akauliza, “Na akinunua shanga 59 bila uzi, Ustadh?” Nilifikiri kidogo. Shanga zisizotungwa ni shanga tu, kama vitambaa na mbao tunavyowauzia kila siku, na jirani huyu kila mwaka hutuletea mkono wa Idi. Nikamwambia wauze, kwa bei ile ile wanayouzia Waislamu. Lakini katika shanga walizomtengea nilikuta mbili zenye ufa mwembamba kama unywele karibu na tundu, nikawaambia ama wazibadilishe au wamwonyeshe na wampunguzie, kwa kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni haramu hata kama mnunuzi si Mwislamu. Walizibadilisha. Jumamosi mama yule alikuja kuzichukua, akazihesabu juu ya mkeka moja moja, zikatimia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.